Waraka kwa Mpiga Kura: Uhakiki wa Barua ya Kampeni katika Uchaguzi wa Komini

Wahakiki wa Kiswahili katika nchi yetu wamezoea kuipima riwaya, tamthilia na ushairi. Waraka wamewaachia wanahistoria. Hata hivyo waraka ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo ya Kiswahili yaliyobaki katika nchi hii. Nyaraka za Kiarabu na za Kiswahili za miaka ya 1880 na 1890, zilizohifadhiwa Ubelgiji na kuchunguzwa na Xavier Luffin, zatosha kutukumbusha kwamba watu wa mashariki ya Kongo waliandikiana barua kwa hati za Kiarabu kabla hawajapata kusoma hadithi iliyopigwa chapa. Katika makala hii tunakusudia kuhakiki waraka wa aina moja tu, ambao kwa kuwa ni wa kisiasa huonekana haustahili jicho la mwanafasihi: barua anayopelekewa mpiga kura nyumbani kwake na mtu anayegombea kiti kidogo cha mtaani.

Sababu ya kuushughulikia sasa ni wazi. Tarehe 20 Desemba 2023, pamoja na kumchagua rais wa Jamhuri na wabunge wa taifa na wa mikoa, wakaaji wa miji mikuu ya mikoa waliwapigia kura washauri wa komini, jambo ambalo halijapata kufanyika tangu katiba ya 2006 ianze kutumika. Kampeni ya washauri ilikuwa fupi kuliko ile ya rais, na ikamezwa nayo. Lakini ndani yake mlikuwa na jambo geni kwa kizazi chetu: mtu wa Katuba au wa Kenya aliombwa kura na jirani anayekutana naye kila siku bombani. Tulidhani ujirani huo ungezaa maandishi ya namna yake. Haukuzaa.

Tulichokiona ni kikaratasi. Kila msomaji anakifahamu: picha ya mgombea mwenye tai, jina lake kwa herufi kubwa, jina la chama au la muungano, shahada zake, na namba, iliyo kubwa kuliko vyote. Maneno ya Kifaransa hutangulia, na Kiswahili huletwa mwishoni kwa mstari mmoja. Tusikilaumu mno. Tangu 2018 tunapiga kura kwa mashine inayomwonyesha kila mgombea kwa namba yake na picha yake, na mpiga kura aliyesimama mbele ya kioo chenye nyuso nyingi hana budi awe ameikariri namba kabla ya kufika. Kikaratasi kinafanya kazi hiyo ya ukumbusho, tena kinaifanya vizuri. Kosa ni kukitegemea kifanye na kazi ya barua.

Ukikichunguza kisarufi, kikaratasi hakina msomaji. Nafsi ya pili haipo ila katika kitenzi cha amri, nacho ki katika wingi: chagueni, pigeni, simameni pamoja. Nafsi ya kwanza imekaa katika picha. Hakuna aitwaye *wewe*. Hakuna wakati uliopita wala ujao unaoweza kuhakikishwa. Kuna majina dhahania tu, maendeleo, umoja, mabadiliko, yaliyopangwa kama sahani zilizooshwa zikasahauliwa mezani. Mtu aliyetoka Ruashi akihamia Kampemba angeweza kukichukua kikaratasi hicho akabadilisha jina la komini na kisipoteze maana hata kidogo. Huo ndio ushahidi mkubwa wa udhaifu wake.

Barua nne za Michigan

Ili tujue barua inayomwita msomaji *wewe* yaweza kufanya nini, yatupasa twende mbali kidogo, hadi Marekani, kwa kuwa huko ndiko barua ya kisiasa ilikofanywa ufundi na baadaye ikapimwa kwa hesabu. Ufundi huo una wahenga wake. Baada ya Goldwater kushindwa uchaguzi wa rais wa 1964, Richard Viguerie alinakili kwa mkono, pamoja na wasaidizi wake, majina zaidi ya 12,000 ya watu waliomchangia mgombea huyo, na kutokana na orodha hiyo akajenga biashara nzima ya kuwaandikia watu majumbani mwao. Huko posta hufika mlangoni, na kampeni huweza kupata orodha ya wapiga kura pamoja na anwani zao. Tena, katika majimbo mengi, kumbukumbu za nani alikwenda kupiga kura na nani hakwenda ziko wazi, ingawa alivyopiga ni siri yake.

Mwaka 2006 wataalamu watatu wa siasa, Alan Gerber, Donald Green na Christopher Larimer, walitumia hali hiyo kufanya jaribio katika jimbo la Michigan kabla ya uchaguzi wa awali wa tarehe 8 Agosti. Nyumba 180,000 zilihusika. Karibu 100,000 hazikupelekewa kitu. Nyingine 80,000 ziligawanywa katika mafungu manne, kila fungu likapelekewa barua yake. Zote nne zilimhimiza msomaji atimize wajibu wa raia. Ya kwanza iliishia hapo. Ya pili iliongeza kwamba kuna uchunguzi unaofanywa, na ya tatu ikamwonyesha msomaji kumbukumbu za kupiga kura za watu wa nyumba yake. Ya nne ndiyo iliyoleta mjadala ambao haujazimika: ilimwonyesha kumbukumbu zake na za majirani zake, kwa majina, ikamwuliza itakuwaje majirani wakijua.

Katika nyumba ambazo hazikuandikiwa, asilimia 29.7 ya wapiga kura walikwenda. Wajibu peke yake uliifikisha idadi hiyo asilimia 31.5. Barua ya majirani iliifikisha 37.8. Pointi 8 kwa karatasi moja ni nyingi sana katika fani hii, ambamo barua ya kawaida huhesabiwa kwa nusu pointi.

Tuisome basi kama maandishi. Kwa umbo, barua hiyo ya nne ni jedwali. Upande mmoja kuna majina ya watu wa mtaa. Upande wa pili chaguzi mbili zilizopita, za Agosti na Novemba 2004, na neno la kuonyesha aliyepiga kura. Upande wa tatu uchaguzi unaokuja, na hapo hapana neno lolote. Barua inaahidi kwamba baada ya uchaguzi jedwali litaletwa tena, likiwa limejazwa. Sehemu iliyoachwa tupu ndiyo kiini cha waraka mzima. Mwandishi hakuhitaji sitiari wala methali, kwa maana amemwachia msomaji nafasi ambayo msomaji ataijaza kwa miguu yake mwenyewe. Kifani ni kazi ya ustadi mkubwa, na atakayekana hilo kwa sababu ya kuchukizwa na maudhui hatakuwa mhakiki.

Maudhui yenyewe yanataka neno kali zaidi. Kiswahili kina msamiati unaotusaidia hapa kuliko lugha ambayo barua hiyo iliandikwa. Tunatofautisha haya na fedheha. Haya imo ndani ya mtu. Humzuia kabla hajatenda, na mwenye haya husifiwa. Fedheha huletwa na mwingine mbele ya macho ya watu. Mwenye kufedheheshwa hakupewa nafasi ya kuwa na haya. Barua ya kwanza iliamsha haya na ikapata kidogo. Barua ya nne ilitishia fedheha ikapata nyingi. Anayetuambia kwamba ya nne ni bora kwa sababu ilileta watu wengi kituoni amepima kimoja tu kati ya vitu viwili vilivyotokea: watu walikwenda, na pia walijifunza kwamba jirani ni jicho.

Karatasi yenye sauti ya serikali

Kilichofuata kinathibitisha hofu hiyo. Mbinu iliyozaliwa katika uchunguzi haikukaa humo. Kabla ya mikutano ya uteuzi ya Iowa ya Februari 2016, kampeni ya Ted Cruz iliwapelekea wapiga kura karatasi iliyojiita kwa maandishi makubwa taarifa ya ukiukaji, ikiwapa wao na majirani zao alama kama za shuleni kwa jinsi walivyoshiriki chaguzi zilizopita. Ofisa mkuu wa uchaguzi wa jimbo hilo, Paul Pate, aliikemea hadharani, akieleza kwamba hakuna ukiukaji wowote wa namna hiyo. Miaka miwili kabla yake, watafiti wa vyuo vikuu vya Stanford na Dartmouth walikuwa wamepeleka karatasi kama 100,000 katika jimbo la Montana kuhusu wagombea wa kiti cha hakimu, kiti kisicho cha chama, wakiwapanga wagombea hao kati ya Obama na Romney, na juu ya karatasi wakaweka muhuri wa jimbo. Wakuu wa vyuo hivyo viwili waliwaomba radhi wananchi wa Montana kwa barua. Kwamba wasomi wenzetu walihitaji kuomba radhi kwa sababu ya muhuri ni jambo ambalo tungependa lisomwe katika kila idara inayofundisha utafiti.

Ukilinganisha nyaraka hizo tatu utaona siri yao ni moja. Zote zimeazima sauti ya serikali. Jedwali, alama, muhuri na neno *taarifa* ni mtindo wa ofisi, na msomaji hutii mtindo kabla hajaelewa maneno.

Hapa kwetu jambo hilo lina uzito mwingine. Karatasi inayoletwa nyumbani ikiwa na jina la mtu juu yake na muhuri chini yake, kwa mkaaji wa kawaida wa mji, ni wito: ameitwa polisi, ameitwa mahakamani, au anadaiwa kodi ya nyumba. Watoto hukimbia kumwita baba. Mgombea anayefikiri atampendeza mpiga kura kwa kumwandikia karatasi iliyopambwa kama ya wizara amekwisha kumtisha kabla salamu haijasomwa. Tena, hatuhitaji jedwali la Michigan. Wino usiofutika ambao hupakwa kidoleni siku ya kura ni jedwali tosha. Siku zinazofuata kila jirani anasoma kidole cha mwenziwe. Yule ambaye angependa kuigiza barua ya nne katika Lubumbashi asingeongeza ujuzi wowote, ila vitisho tu, katika nchi ambamo kutajwa jina kwenye orodha hakujawa jambo la mchezo.

Barua ya mkononi

Yupo atakayetupinga mara moja kwamba barua haiwezekani kwetu, kwa kuwa posta yetu kwa desturi huishia kwenye sanduku, haifiki mlangoni. Ni kweli, na ni bahati njema. Mwaka 1998, katika mji wa New Haven, Gerber na Green walikuwa wamelinganisha njia za kumfikia mpiga kura. Barua iliyopelekwa kwa posta iliongeza karibu nusu pointi. Mtu aliyebisha hodi na kuzungumza uso kwa uso aliongeza takriban pointi 9 kwa wale aliowakuta. Simu za watu wa kulipwa hazikuongeza kitu. Mwandishi wa Lubumbashi, kwa kuwa hana posta, analazimika kuitia barua yake mkononi mwa mtu. Anapata vyote viwili kwa gharama ya karatasi moja: hodi, salamu, maneno mawili matatu, kisha barua inayobaki nyumbani baada ya mgeni kuondoka.

Na barua itakayobaki itasomwa kwa sauti. Hilo ni jambo ambalo waandishi wa vikaratasi hawakulifikiri hata kidogo. Katika nyumba nyingi mama hufumba macho kidogo na kumwambia mtoto wa shule: nisomee. Barua kwa mpiga kura ni utanzu wa nusu simulizi. Tunayo kumbukumbu mashuhuri ya jambo hilo katika mji wetu wenyewe. *Vocabulary* ya mji wa Elisabethville, historia iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa ajili ya watumishi wa nyumbani, imeandikwa kwa Kiswahili cha mji na kwa tahajia isiyotenganisha maneno kama tunavyofundisha. Johannes Fabian, aliyeichapisha mwaka 1990, aliweza kuifasiri baada tu ya Kalundi Mango kuisoma kwa sauti. Maandishi yaliyoonekana vurugu machoni yakawa maneno yaliyo wazi masikioni. Mgombea afanye kinyume cha safari hiyo: aseme kwanza, kisha aandike alichosema, halafu ampe mtoto wa darasa la sita asome. Pale mtoto atakapokwama, sentensi ivunjwe.

Hapa linazuka swali ambalo limetugawa mara nyingi: Kiswahili kipi? Wapo wenzetu wanaodai kwamba mgombea aandike *batu* na *bitu*, *mukini* na *njo*, kama watu wanavyosema, ama sivyo atakuwa mgeni. Wengine wanaona aibu kuona maandishi hayo yakipigwa chapa. Sisi hatukubaliani kikamilifu na upande wowote. Maandishi ya Kiswahili ambayo mkaaji wa Katuba ameyazoea ni ya Biblia na ya vitabu vya nyimbo za kanisani. Kwa hiyo Kiswahili sanifu si kigeni machoni pake, ila kina harufu ya mimbari. Mgombea akikiandika chote anahubiri. Kwa upande mwingine, mwenye shahada tatu anayeandika *batu* ili apendwe husikika kama mwalimu anayechekesha darasa; watu hucheka, lakini si kwa sababu aliyoikusudia. Sarufi ibaki ile ambayo jicho limezoea kuisoma, na majina ya vitu yawe ya nyumbani: *franga*, *avenyu*, *komini*, *kartie*. Anayeandika "matumizi ya rasilimali fedha" amejificha. Anayeandika "franga zimeenda wapi" amejitokeza, na hata mtu asiyempenda atamwelewa.

Umbo tunalo tayari, nalo ni la kale. Barua ya Kiswahili ya jadi huanza na salamu zisizo na haraka, hueleza aandikaye ni nani na yuko katika hali gani, kisha husema *ama baada ya salamu*, na hapo tu ndipo shauri huingia. Watu wa mawasiliano ya kisasa watatuambia kwamba msomaji atachoka kabla ya kufika. Huenda. Lakini salamu ndefu ina kazi: inamwondolea msomaji hofu ya wito. Baada ya salamu yeye si mshtakiwa tena.

Tujaribu basi kuiandika. Mhakiki asiyethubutu kuandika mfano mmoja hana haki ya kuwacheka walioandika.

"Mama, jambo. Habari ya nyumba na ya watoto? Ni mimi jirani yako wa avenyu, wa nyumba iliyo karibu na bomba. Watoto wetu wanachota maji pamoja. Sisi wazima. Ama baada ya salamu: mtaro wa mbele ya mlango wako umejaa udongo, na mvua ikinyesha maji yanaingia ndani. Mshauri wa komini hachimbi mtaro, wala hana franga za kuuchimba. Anakaa katika baraza linalopiga kura juu ya bajeti ya komini, na anaweza kumwuliza mkuu wa komini franga za mitaro zimeenda wapi. Naomba kura yako nikaulize. Kila miezi mitatu, Jumapili ya kwanza baada ya ibada, nitakuwa bombani kusoma jibu nililopewa. Nisipofika, mwulize mama yangu, unamjua."

Si fasihi kubwa, tunakiri. Lakini ina vitu ambavyo kikaratasi hakina. Ina mahali pamoja panapoonekana. Inasema ukweli kuhusu kazi yenyewe: kwa sheria ya 2008 juu ya mamlaka za mashinani, baraza la komini ni chombo cha kujadili na kupitisha maamuzi, tena ndilo linalomchagua mkuu wa komini; mshauri mmoja hana trekta. Mgombea aliyeahidi barabara, hospitali na umeme kwa kiti cha komini ameahidi kisicho chake, na msomaji wake hujua. Ina pia tarehe. Katika barua ya Michigan mwandishi alijipa haki ya kurudi na kumkagua msomaji. Hapa msomaji ndiye anayepewa siku ya kumkagua mwandishi. Sehemu tupu ya jedwali imehamishwa upande wa pili.

Tumkiri pia msomaji kosa letu. Katika rasimu ya kwanza hatukuandika *jirani yako wa avenyu*. Tuliandika *mtoto wa hapa*. Ilikuja yenyewe, kwa kuwa ni tamu na ndiyo inayosemwa. Tuliifuta tulipoisoma kwa sauti.

Asiyejua historia ya mji huu ataona tumekuwa wepesi wa kushtuka. Mwezi Desemba 1957, serikali ya kikoloni iliporuhusu uchaguzi wa komini katika Elisabethville, kwa wanaume tu, matokeo yaliwapa nafasi kubwa watu waliotoka nje ya Katanga. Mwaka uliofuata ilizaliwa CONAKAT, na swali la nani mwenyeji na nani mgeni likawa siasa ya mkoa mzima. Mwaka 1992 na 1993 swali hilo hilo liliwatoa watu wa asili ya Kasai majumbani mwao kwa maelfu, wengi wakiwa wamezaliwa hapa hapa, wakangoja treni katika vituo vya reli siku nyingi bila dawa wala chakula cha kutosha. Basi uchaguzi mdogo kuliko wote, ule wa komini, ndio uliofungua mlango huo mara ya kwanza. Barua inayosema *mtoto wa hapa* haihitaji kutaja kabila lolote. Kila anayeisomewa anajua ni nani ametolewa nje. *Jirani* ni neno jingine kabisa. Mtu huwa jirani kwa kuchota maji bomba moja, hata kama alihamia juzi.

Wataalamu wa mbinu hawalizungumzii jambo hili, kwa kuwa kipimo chao ni idadi ya kura. Kwa kipimo hicho *mtoto wa hapa* ingeweza hata kushinda *jirani*, kama vile barua ya nne ilivyoishinda ya kwanza. Hatuna ushahidi wa kulikataa hilo, na hatutajifanya tunao.

Pingamizi la mwisho ni la wale wanaosema kwamba mpiga kura wetu hushawishiwa na kitenge, fulana na chumvi, na kwamba karatasi ni kupoteza wino. Hoja hii ina nguvu kuliko inavyokubaliwa katika semina zetu. Hata Marekani kwenyewe, Joshua Kalla na David Broockman walipokusanya majaribio 49 ya kampeni katika mwaka 2018, waliona kwamba katika uchaguzi mkuu, ambamo msomaji anajua chama cha kila mgombea, barua na ziara kwa wastani hazikumgeuza mtu yeyote. Lakini pale ambapo chama si kiongozi wa kura, kama katika uchaguzi wa awali, ushawishi ulionekana. Uchaguzi wa komini unakaribia hali hiyo ya pili, maana ndani ya chama kimoja hushindana watu wengi kwa kiti kimoja. Kuhusu kitenge, mama wa Katuba alipokea vitenge vitatu kutoka kwa watu watatu, na hakuweza kuwapa wote kura. Hapo ndipo barua, kama ingekuwapo, ingesomwa.

Inabaki shida ya kazi. Barua ya mtaro mmoja haiwezi kupelekwa avenyu nyingine. Mgombea mwenye avenyu arobaini atahitaji mitaro arobaini, au bomba, au taa, au uwanja wa watoto uliouzwa. Atalazimika kutembea kabla ya kuandika. Sidhani wengi watakubali, na wapiga chapa wa mjini hawatamshauri afanye hivyo, kwa kuwa bei ya nakala huteremka kadiri nakala zinavyofanana.

Kwa upande wetu sisi wa chuo, kuna kazi ambayo haimngoji mgombea yeyote. Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, kinahifadhi mkusanyiko wa nyaraka ambazo wagombea wa bunge waliwaandikia wapiga kura wao tangu mwisho wa karne ya 19, na leo mtu anaweza kufuata humo jinsi lugha ya kuomba kura ilivyobadilika katika zaidi ya miaka mia moja. Sisi hatuna hata sanduku moja. Tunawaomba wanafunzi wa idara, kila mmoja katika kartie yake, waanze kukusanya karatasi za kampeni za 2006, 2011, 2018 na 2023 zilizosalia, ziwe nzuri au mbaya, na kuandika nyuma yake zilipatikana avenyu gani. Waharakishe, maana karatasi za 2023 tunaziona kila siku sokoni, zimefungiwa karanga.